Mirathi ya Msitu: Tugawe Haki, Tusiangamize Mali

(Hotuba kwa jamaa wa misikiti ya Nyanda za Juu Kusini)



Wazee wetu, akina mama, ndugu na vijana wapenzi,

Sifa zote njema zamstahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa walimwengu wote, na sala na salamu zimfikie Mtume wetu Muhammad s.a.w. Baada ya hayo, leo tunapenda kuzungumza juu ya jambo ambalo mimbari zetu hulipita bila kuligusa, ingawa ndani yake zimo haki za wajane, haki za mabinti na mali za mayatima. Jambo lenyewe ni mirathi ya misitu.

Anayesafiri kutoka Iringa mjini kwenda Mafinga, na anayepanda kutoka Mbeya kwenda Tukuyu, huona miti ya kupandwa imesimama kwa safu kama jamaa katika sala. Sehemu ya miti hiyo ni ya serikali. Huko Mufindi kuna shamba la Sao Hill, kubwa kuliko mashamba yote ya miti ya serikali nchini, ambako upandaji wa majaribio ulianza mwaka 1939. Upande wa Mbeya yako mashamba ya Kawetire na Kiwira. Lakini kando ya mashamba hayo ipo misitu mingine isiyo na ubao wa serikali: ekari mbili za mkulima huyu, ekari kumi za yule, misindano juu ya kilima, mikaratusi bondeni, miwati nyuma ya nyumba. Huko Mufindi, Kilolo, Rungwe na kwa jirani zetu wa Njombe, miti ndiyo akiba ya mkulima. Ndiyo ada ya shule, ndiyo bati la nyumba, ndiyo nauli ya Hija kwa aliyejaliwa.

Sheria za nchi zinaitambua mali hii. Sheria ya Misitu, Na. 14 ya mwaka 2002, inataja misitu ya watu binafsi sambamba na misitu ya taifa, ya serikali za mitaa na ya vijiji. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya mwaka 1999, inasema kuwa haki ya kimila ya kumiliki ardhi yaweza kuwa haina ukomo wa muda, na kwamba inarithiwa. Basi msitu ni mali halali, na mwenyewe akifa ni lazima uende kwa wengine. Utaenda vipi? Hapo ndipo penye msiba.

Ndugu wapenzi, tunaanza na kosa letu wenyewe, maana asiyekiri kosa lake hana haki ya kuwaonya wenzake.

Miaka kadhaa iliyopita alifariki mzee mmoja katika wilaya ya Mufindi. Hatutamtaja jina, wala kijiji chake. Aliacha mke, watoto wa kiume watatu na mabinti wawili, na yule wa mwisho alikuwa mtoto wa miaka kumi na mmoja. Aliacha pia msitu wa misindano wa ekari 16, uliokuwa umetimiza miaka tisa. Familia ilituita sisi, baadhi ya wazee wa msikiti, tuje tuwagawie mirathi kwa mujibu wa dini. Tulikwenda kwa nia njema. Tulihesabu mafungu kwa usahihi, wala hatukumpunja mjane wala binti. Kisha tukakamata kamba, tukaingia msituni, tukaanza kupima.

Hesabu yenyewe ilikuwa hivi. Wazazi wa marehemu walikuwa wametangulia, na madeni yake yalikwisha kulipwa. Mke akiwa na watoto hupata thumni, yaani sehemu moja katika nane. Kinachobaki ni cha watoto, na fungu la mwanamume ni sawa na mafungu ya wanawake wawili. Ukitaka kila mmoja apate hesabu kamili, mali yote igawe katika hisa 64. Mjane anapata hisa 8. Kila mtoto wa kiume anapata hisa 14, na watatu wanakuwa na 42. Kila binti anapata hisa 7, na wawili wanakuwa na 14. Jumla ni 64. Katika ekari 16, hisa moja ni robo ekari. Kwa hiyo mjane alipata ekari mbili, kila mtoto wa kiume ekari tatu na nusu, na kila binti ekari moja na robo tatu.

Hesabu hiyo haikuwa na kosa. Kosa lilikuwa katika kamba. Shamba lilikuwa karibu mraba, kila upande mita mia mbili na hamsini na ushei. Tulilipasua kwa urefu, juu hadi chini, ili kila mmoja aguse njia upande wa juu na mto upande wa chini. Kipande cha binti kikawa na upana wa karibu mita 28. Miti ikiwa imepandwa kwa nafasi ya mita tatu kwa tatu, hizo ni safu tisa tu. Kama kila jirani angeacha mita tano kila upande kwa ajili ya kuzuia moto, binti angebakiwa na mita 18 za miti, na zaidi ya theluthi moja ya urithi wake ingekuwa majani matupu. Bila shaka hakuna aliyeziacha mita hizo.

Yaliyofuata mnaweza kuyakisia. Mmoja wa ndugu alikuwa na deni. Mwezi haukuisha, akauza miti yake ikiwa imesimama kwa mfanyabiashara wa mbao, kwa bei ya miti michanga. Msindano wa kutoa mbao nzuri unahitaji miaka kumi na minane, ishirini, hata ishirini na mitano. Wa miaka tisa hutoa mbao nyembamba, laini, zinazopinda zikikauka. Wapasuaji walipoingia hawakuona mpaka, wakavuka safu mbili za kaka mkubwa. Kaka alipoona miti yake imeangushwa, akasema heri auze mwenyewe kuliko kuibiwa, naye akauza. Matawi makavu yakaachwa chini mahali yalipoangukia. Msimu wa kiangazi mtu akaja kusafisha kipande chake ili apande mahindi, akawasha moto, na upepo ukaugeuza. Moto haujui hisa 8 wala hisa 14. Uliteketeza ekari mbili za mjane na ekari tatu na nusu za yatima. Mjane alipotuuliza nani atamlipa, tulitazama chini.

Kipande kimoja kilipona, cha binti mkubwa, aliyekataa kuuza. Lakini hata yeye, miti yake ilipokomaa, lori halikuwa na mahali pa kupita. Njia ilikuwa imelimwa, na kila ndugu alidai alipwe kwanza. Alichouza, nusu yake kilikwenda kwa kubeba magogo mabegani.

Ndugu zetu, swali letu ni hili: je, dini ilituamrisha hivyo? Mwenyezi Mungu ameamrisha mafungu. Kurani Tukufu, katika Sura An-Nisaa, imebainisha kuwa wanaume wana fungu na wanawake wana fungu katika waliyoyaacha wazazi na jamaa, mali iwe ndogo au kubwa. Amri hiyo haina mjadala. Lakini fungu ni haki, nayo haki si lazima iwe kipande cha ardhi kilichozungushiwa kamba. Mtu anaweza kumiliki hisa 7 katika 64 za msitu mzima, za kila mti na kila shina, bila mti wowote kuguswa. Wanazuoni wa fiqhi walilijua jambo hili tangu zamani. Walizungumzia mali ya shirika isiyogawanywa, na walisema kuwa kitu ambacho manufaa yake huharibika kikigawanywa, kama kinu au hamamu ndogo, mshirika mmoja hawezi kuwalazimisha wenzake kukipasua. Kinu kilichokatwa vipande sita hakisagi. Msitu mchanga uliopasuliwa vipande sita nao ni vivyo hivyo.

Tena Mtume s.a.w. alihukumu shufaa katika mali ya shirika ambayo haijagawanywa. Maana yake ni kwamba mshirika akitaka kuuza sehemu yake, wenzake wana haki ya kuinunua kabla ya mtu wa nje. Tazameni hekima yake! Mwenye shida hafungiwi mlango, anapata fedha zake. Na mali haingiliwi na mgeni asiyejua uchungu wake. Lau sisi tungeikumbuka shufaa siku ile, yule ndugu mwenye deni angeuza hisa zake 14 kwa ndugu zake, hata kwa malipo ya awamu, na msitu ungebaki umesimama.

Wapo watakaosema: “Mnataka kuwazuilia watu urithi wao. Mrithi ana njaa leo, ninyi mnamwambia asubiri miaka kumi.” Hoja hiyo ni nzito, na tunaijibu kwa uaminifu. Hakuna mwenye ruhusa ya kumzuilia mrithi haki yake. Tunachokiomba ni makubaliano ya hiari, pamoja na mlango wa kutokea kwa anayetaka kutoka. Aidha, msitu unaotunzwa hautoi fedha siku ya mwisho peke yake. Miti hupunguzwa ili iliyobaki inenepe, na ile inayopunguzwa huuzwa kama fito, kuni na mbao ndogo. Fedha hizo zigawiwe kwa hisa, kila mmoja apate chake na asaini.

Lakini ipo hoja nyingine iliyo nzito zaidi, nayo hutoka kwa akina mama. Wao husema: “Mkiacha mali bila kugawa, itakuwa ya kaka mkubwa.” Wallahi, ni kweli. Katika koo nyingi za mikoa yetu, neno “mali ya familia” limekuwa pazia. Nyuma yake kaka au ami anavuna, anajenga, anaoa, na dada zake wakiuliza wanaambiwa wao wameolewa kwingine. Hiyo ni dhuluma, hata ikivalishwa vazi la umoja. Na mnajua kuwa sheria ya nchi nayo imelikataza jambo hilo: Sheria ya Ardhi ya Vijiji inabatilisha mila yoyote inayomnyima mwanamke haki ya kumiliki ardhi. Basi tusiikimbie kamba tukaangukia katika pazia. Msitu usiogawanywa unahitaji hesabu iliyo wazi kuliko msitu uliogawanywa.

Shida hii si ya kwetu peke yetu. Ndugu zetu wa Kilimanjaro wameona jinsi kihamba kilichomtosha babu kilivyogawiwa wana na wajukuu hata kikabaki uwanja wa nyumba. Tazameni pia Finland, nchi iliyoshirikiana na serikali yetu tangu mwaka 2014 katika programu ya Panda Miti Kibiashara huku Nyanda za Juu Kusini. Huko sehemu kubwa ya misitu ni ya familia, na kwa vizazi vingi imekuwa ikipita kwa warithi. Wao nao waliona misitu ikipunguka ukubwa kila mwenyewe alipofariki. Walitunga sheria ya misitu ya pamoja, ambayo kila mwenye sehemu hushika hisa na kupata gawio, na msitu wenyewe husimamiwa kama shamba moja. Hata hivyo, huko pia zipo mali za marehemu zilizokaa miaka mingi bila kugawanywa, ambapo hakuna mti unaokatwa mpaka warithi wote waafiki. Mmoja akinuna, kazi yote husimama. Fundisho ni kwamba umoja bila msimamizi ni kitanzi.

Ndugu wapenzi, Kurani Tukufu imetupa visa viwili vinavyotufaa hapa. Katika Sura Al-Kahf tunasoma juu ya ukuta uliokuwa karibu kuanguka, na chini yake palikuwa na hazina ya mayatima wawili ambao baba yao alikuwa mtu mwema. Mja wa Mungu aliusimamisha ukuta ule bila kudai ujira, ili hazina ikae mpaka mayatima wakomae waitoe wenyewe. Msitu wa yatima ni hazina ya namna hiyo. Wajibu wetu ni kusimamisha ukuta, nasi tulikwenda na kamba. Na katika Sura Al-Qalam tunasoma juu ya wenye bustani walioapa kuvuna alfajiri ili maskini asiwawahi. Walipofika waliikuta bustani imeteketea. Mwenye kukata haraka kwa kuwahofia ndugu zake asidhani kuwa amewahi.

Sasa tufanye nini? Tunapendekeza mambo sita, nasi tumekwisha kuazimia kuyafuata kila tutakapoitwa.

Kwanza, mwenye msitu aandike angali hai. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Kurani Tukufu inaamrisha kuandika madeni na kuweka mashahidi. Ni ajabu kwamba umma ulioamrishwa hivyo huacha misitu bila karatasi. Andikeni mwaka wa kupanda, aina ya miti, mipaka, na majirani wa pande zote nne. Ombeni hatimiliki ya kimila kijijini, na mke atajwe ndani yake pale anapostahili. Kama ardhi ni ya mtu mmoja na miti imepandwa kwa fedha za mwingine, kama wafanyavyo watu wa mjini na wenyeji wao, basi mkataba uandikwe kwa mashahidi. Tusiwaachie watoto ugomvi.

Pili, mwenye mali asifanye ujanja katika wosia. Wosia hauzidi theluthi, wala haumhusu mrithi ambaye tayari ana fungu lake. Baba hawezi kumwachia mtoto mmoja msitu mzima kwa wosia eti kwa kuwa ndiye aliyepalilia. Kama alipalilia kwa makubaliano ya ujira, huo ni deni, na ulipwe kabla ya mafungu.

Tatu, mauti yakitokea, msitu usiguswe hadi msimamizi wa mirathi ateuliwe. Mahakama ya Mwanzo ina mamlaka ya kumteua, na Mwislamu anaweza kuomba mirathi yake iendeshwe kwa sheria ya dini yake. Maziko yaishe, matanga yaishe, madeni yalipwe, ndipo yaje mafungu. Mnunuzi wa mbao anayekuja siku ya tatu ya msiba aambiwe arudi kwao.

Nne, mafungu yagawiwe kwa hisa katika karatasi. Kila mrithi awe na nakala yenye idadi ya hisa zake. Msitu ubaki shamba moja lenye njia moja ya lori, mipaka ya nje iliyosafishwa dhidi ya moto, na msimamizi mmoja anayetoa hesabu kila mwaka mbele ya wote, wanawake wakiwemo. Inafaa familia ijiunge na chama cha wakulima wa miti kijijini, maana mnunuzi humheshimu mwenye shamba kubwa na humpangia bei mwenye safu tisa.

Tano, anayetaka kutoka atoke kwa shufaa. Miti ithaminiwe na afisa misitu au mtu mwenye ujuzi, isithaminiwe na mnunuzi. Ndugu wapewe muda wa kutosha wa kununua. Wakishindwa, auze hisa, asiuze safu.

Sita, fungu la yatima lilindwe kuliko yote. Mwenyezi Mungu amefananisha kula mali ya yatima kwa dhuluma na kula moto, na ameamrisha tuwakabidhi mali zao mbele ya mashahidi wanapofikia upeo. Miti ya mtoto isikatwe ikiwa michanga ila kwa dharura yake mwenyewe, si ya ami yake.

Na wakati msitu umekomaa na kuvunwa, kama warithi watapenda kugawana ardhi, wagawane. Ardhi tupu hupimwa bila kuua kitu. Hata hapo, waiache njia ya wote kabla ya kukata vipande.

Ndugu zetu, Mtume s.a.w. alitufundisha kuwa mwenye mche mkononi aupande hata kama Kiyama kinasimama, na kwamba anachokula ndege, mnyama au mtu katika mti alioupanda Mwislamu ni sadaka kwake. Yule mzee wa Mufindi alipanda. Hatuna shaka kuwa thawabu yake iko kwa Mola wake. Lakini sisi tuliobaki tulipewa amana, nasi tukaipima kwa kamba tukidhani uadilifu ni upana wa kipande. Mjane wake angali hai. Yule mtoto wa miaka kumi na mmoja sasa ni kijana mtu mzima, na kila tunapokutana naye hutusalimia kwa adabu, wala hajatuuliza lolote. Tunaogopa zaidi Siku ambayo ataulizwa yeye, nasi tukiwapo.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu atusamehe tuliyokosea kwa ujinga, ampe mjane na yatima badali iliyo bora, atuwezeshe kuzitimiza amana, na azilinde nyoyo za ndugu wa tumbo moja zisitenganishwe na safu za miti. Amin.

Wassalaamu Alaikum Warahmatullahi Wabarakatuh.